Nyumba ya nyanya Mkomani: tuuze, tuikae, au tuifanye makumbusho?

#1 Kijukuu_Mkomani (mleta uzi)

Wakuu, salaam aleikum na habari zenu nyote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nyanya yetu mzaa mama alituachia nyumba ya mawe hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Ni ya kale kwelikweli: mlango wa kuchonga, kuta nene ambazo mchana wa jua kali ndani kunabaki baridi, zidaka, birika, kila kitu. Amefariki miaka mitano sasa. Tangu hapo dari ya chumba kimoja imeanza kuinama, na masika yaliyopita yakaizidishia.

Mwezi uliopita wajomba zangu watatu walikutana Mombasa. Mkubwa wao anataka iuzwe, maana kuna mgeni wa Ulaya ameshapita mara mbili akiitazama na ameanza kuuliza bei. Wa pili anataka nyumba ya kulala wageni. Wa tatu, mwalimu mstaafu, akatoa neno lililonyamazisha kikao: tuifanye makumbusho, kama ile Nyumba ya Kiswahili.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyeko Lamu, nikapewa kazi ya kwenda kuitazama ile na kuwaletea habari. Nikaenda na mamangu. Kwa wasioijua, ile ni nyumba ya karne ya 18 iliyokuwa ya watu, ikatengenezwa upya na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, sasa wageni huingia kwa tiketi. Iko hapa hapa Mkomani, vichochoro vichache kutoka baharini. Vitanda vimetandikwa, vyungu vimepangwa, ungedhani wenyewe wametoka kwenda msikitini watarudi sasa hivi.

Kijana aliyetuongoza alikuwa mpole, anajua kazi yake. Akatueleza kitanda, akatueleza kiti cha enzi, akatueleza na mbuzi ya kukunia nazi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, hakumkata kauli hata mara moja. Mbuzi ya nazi anayo nyumbani, na asubuhi ile ile alikuwa amekuna nazi mbili. Tulipofika jikoni akainama kidogo, akavuta pumzi, akaniambia polepole: "Jiko hili halinuki moshi."

Neno hilo limenikaa kooni. Naombeni maoni. Aliyewahi kuona nyumba ya familia ikigeuzwa makumbusho, anieleze inakuwaje baada ya siku ya kukata utepe.

#2 Chumvi_ya_Mawe

Uzi bila picha ni hotuba. Weka picha mkuu.

#3 Nauliza_Tu

Mimi mtu wa Dodoma, pwani nimeishia Dar. Nisameheni kwa swali la kitoto: nyumba tu inakuwaje makumbusho? Makumbusho ninayoyajua mimi unaenda kuona fuvu la Olduvai na magari ya marais wetu. Na hizo zidaka ni nini? Watu wa pwani mna tabia ya kuongea kama wote tumezaliwa huko.

#4 Kijukuu_Mkomani

@Nauliza_Tu swali zuri, na nitalijibu kwa kukutembeza.

Nyumba ya mawe ya Lamu kwa nje haikwambii kitu. Ukuta mrefu mtupu, dirisha la kutazama njia huna. Kinachokukaribisha ni daka, baraza iliyofunikwa mbele ya mlango, yenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni wa kawaida mambo yake huishia hapo: anapewa kahawa, anazungumza na mwenye nyumba, anakwenda zake. Ukivuka mlango unaingia tekani, sebule ndogo ambayo imepinda, makusudi kabisa, ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Ndipo unatokea kiwandani, ua ulio wazi juu, na mwanga wote wa nyumba unaingilia hapo.

Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana kama mawimbi, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. (Ndiyo, chumba chenyewe kinaitwa "ndani". Lamu hatupotezi maneno.) Kila unachoingia kimeinuliwa kidogo kuliko ulichotoka, na mwanga unapungua. Kwa hiyo unapanda kuelekea gizani, na ndiko kuliko na heshima zaidi. Ukuta wa ndani ndio wenye zidaka, yaani vidaka kwa Kiswahili cha wote: vijishimo vya ukutani vilivyopangwa safu juu ya safu, vimezungushiwa nakshi za chokaa. Nyuma kabisa kuna nyumba kati. Hicho ni chumba cha kujifungulia wazazi na cha kuoshea maiti. Nyanya yetu alizaliwa katika chumba kile, na ndimo alimooshwa.

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, upana hauzidi kama mita 3. Zamani nilidhani ni mtindo tu. Sababu ni boriti: dari inabebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko hauna urefu wa kubeba zaidi ya hapo. Mti umeamua upana wa chumba, upana umeamua kitanda kikae wapi na watu wakae vipi.

Choo kiko ndani, kina birika la maji, na birikani tulikuwa tukifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Jiko liko juu kabisa ili moshi uende zake.

Basi hivyo ndivyo nyumba "tu" inavyokuwa makumbusho. Fuvu la Olduvai linahitaji maandishi pembeni. Nyumba kama hii ukiipita chumba kwa chumba umeshaelezwa watu wake walikuwa wakiona haya ya nini.

#5 Fundi_Chokaa

Mleta uzi, wengine watakwambia habari za urithi na utamaduni. Mimi nakwambia habari za dari.

Nimefanya kazi kwenye majumba haya miaka mingi, na muuaji wao ninamjua kwa jina: saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka chini, unatoka taratibu, ukuta unakauka. Mtu anakuja na mfuko wa saruji, anapiga lipu nje iwe laini, anafurahi. Unyevu unakosa pa kutokea, unapanda mpaka kwenye vichwa vya boriti, boriti zinaoza ndani ya ukuta usione, siku moja usiku dari inashuka. Hapo ndipo watu husema nyumba ilikuwa mbovu. Nyumba haikuwa mbovu, imenyongwa.

Chumba chako kilichoinama nakiagua bila kukiona: kuna mtu aliweka saruji, ama juu kwenye sakafu ya paa ama ukuta wa nje. Kweli au uongo?

Jambo la pili, boriti. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko hapa Lamu, lakini serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti Februari 2018, hata wakata mikoko walisimama. Nilikuwa na dari wazi wakati ule, mwenye nyumba ananipigia simu kila siku kana kwamba mimi ndiye niliyetia saini. Ukianza kazi, pata boriti kwanza, vunja baadaye. Na chokaa usinunue ya jana. Ikishazimwa kwa maji iache ilale miezi, ndiyo inashika.

Kuuza, makumbusho, hoteli, yote hayo yanataka dari.

#6 Kijukuu_Mkomani

@Fundi_Chokaa kweli tupu. Mjomba wa pili alipiga saruji paani mwaka ule maji yalipovuja. Sitamwambia kuwa umejua bila kuona, atadhani nimekuleta kwa siri.

#7 Mjukuu_wa_Shangani

Naandika kutoka Unguja. Fundi amesema la maana na sisi ndio mashahidi. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa makumbusho yetu. Siku ya Krismasi mwaka 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka mchana kweupe, tena likiwa kwenye matengenezo, na watu wakafa. Hilo ni jumba la mfalme, liko katikati ya Mji Mkongwe, mji ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Lenu Lamu limeingia 2001. Orodha haishikilii boriti.

Ila nina swali la pembeni. Hivyo vidaka vilikuwa vya nini hasa? Nimesikia mwongoza watalii mmoja akisema ni vya kuzuia husuda, mgeni akiingia jicho lake linatawanyika kwenye vile vishimo badala ya kumwangukia mwenye nyumba. Mwingine akasema ni vya kumeza mwangwi. Mwingine eti ni vya taa. Kila mwongoza watalii na zidaka zake.

#8 Mzee_wa_Daka

Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, na yeye ndiye anayeniandikia. Zidaka msizitilie maneno mangi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir katika utenzi wake wa Inkishafi analia juu ya majumba ya Pate yaliyokufa, akataja madaka ya sahani, ndizo hizi zidaka, kuwa sasa humo wamelala wana wa ndege. Aliyeyaona kwa mato yake ameshasema: ni ya sahani. Sahani za Kichina, bakuli, mabuli. Mtu tajiri alionyesha utajiri wake ukutani kwa kuwa barabarani ni aibu kuonyesha.

Hayo ya husuda sikatai, watu huogopa. Lakini mimi nikiwa mtoto zidakani mwa mamangu naliona msahafu, chetezo, saa ya kutia ufunguo iliyokwisha kufa, na barua za babangu kutoka Mombasa. Na kidaka kimoja cha chini kilikuwa changu, naliweka gololi. Makumbusho hayatakwambia habari ya gololi.

Halafu kijana, nyumba ile niliijua. Nyanya yako alikuwa akipika mkate wa mofa, harufu ikashuka mpaka ndiani.

#9 Kijukuu_Mkomani

Shikamoo mzee. Umenitoa machozi hapa dukani, wateja wananitazama.

#10 Mtu_wa_Langoni

Mimi nitaharibu harufu ya mkate kidogo, mniwie radhi.

Mnasema nyumba, nyumba, wenyewe, wenyewe. Nani alibeba mawe? Matumbawe yamechimbwa Maweni huko kisiwa cha Manda, yakavushwa kwa jahazi, yakapandishwa kwa mabega. Nani alichoma chokaa? Nani alichota maji ya kujaza birika lenu lenye visamaki? Ghorofa ya chini ya majumba mengi ya ghorofa walikaa watumwa pamoja na magunia. Familia juu kwenye upepo, wao chini na mtama. Utajiri uliopamba ndani kwa nakshi ulitoka mashamba ya bara, ya mtama na ufuta, na hayakulimwa na waliokalia kiti cha enzi. Utumwa ulipofutwa kwa sheria hapa pwani ya Kenya mwaka 1907, majumba yenyewe yakaanza kuanguka, maana mwenye nyumba hakuweza tena kulipia kazi aliyozoea kuipata bure. Magofu ya Mkomani mnayoyalilia, nusu ya sababu ni hiyo.

Nimeingia kwenye nyumba za makumbusho za mwambao, si moja. Nimeelezwa kitanda cha bibi harusi kwa dakika kumi. Kuhusu aliyelala chini ya ngazi nikaambiwa "na hapa stoo".

Kijukuu, mkiifanya makumbusho, ghorofa ya chini mtaiandika nini?

#11 Chumvi_ya_Mawe

Kaka umeleta siasa kwenye uzi wa nyanya wa watu.

#12 Mtu_wa_Langoni

Nyanya yangu mimi naye alikuwa nyanya wa mtu.

#13 Mjukuu_wa_Shangani

@Chumvi_ya_Mawe hii si siasa. Huwezi kumwonyesha mgeni mlango wa mbele ukamficha wa nyuma, halafu ukasema umemwonyesha nyumba.

#14 Kijukuu_Mkomani

@Mtu_wa_Langoni nimekaa na swali lako tangu jana. Kwetu kuna chumba cha chini tulichokiita "kwa Mama Fulani" (jina nalihifadhi). Sisi watoto tulidhani ni shangazi wa mbali. Jana nimemuuliza mama. Akanyamaza, akaendelea kupepeta mchele, kisha akasema, "Huyo ndiye aliyemlea nyanya yako." Sikuuliza zaidi, na hakusema zaidi. Lakini chumba kina mwenyewe, na kama litaandikwa lolote, jina lake litaandikwa.

#15 Mkaa_Muscat

Naingia kutoka Oman, nimezaliwa Mombasa. Niwape mfano wa huku. Muscat ya kale kuna Bait Al Zubair. Ilikuwa nyumba ya familia, imejengwa 1914, na familia yenyewe ikaifungua kama makumbusho mwaka 1998. Majambia, fedha za wanawake, mavazi, vyombo vya nyumbani, vyote vilikuwa mkusanyo wao wenyewe. Hawakuiachia serikali wakaondoka, wameishika wenyewe hadi leo, wakaongeza majengo mengine pembeni.

Lakini semeni ukweli: ile ni familia yenye biashara kubwa. Makumbusho kwao ni heshima, hayatakiwi kulisha mtu. Ninyi mna wajomba watatu na dari moja mbovu. Tiketi za watalii wa msimu hazilipi fundi, mlinzi, umeme na mtu wa kufagia popo. Huko kwenu kukitokea tangazo moja tu la usalama kutoka ubalozi, gati linakuwa jangwa. Hesabuni na hilo.

#16 Mzee_wa_Daka

Hapo kwa Mtu_wa_Langoni na mimi nina neno. Pale mjini pana makumbusho ya posta ya Wajerumani. Posta ile ilifunguliwa Novemba 1888 ikafungwa Machi 1891, haikufika miaka mitatu, enzi za akina Denhardt, ndugu wa Kijerumani waliokuja na mkataba wao na sultani wa Witu. Ile ilikuwa nyumba ya watu kabla ya Mjerumani kupanga. Watu wameishi mle miaka mingapi kabla, miaka mingapi baada? Ukiingia, hadithi ni barua na stempu. Miaka mitatu imemeza yote.

Basi mkiandika kibao mlangoni, angalieni mnaandika cha nani.

#17 Bi_Mwenye_Nyumba

Nimesoma kutoka juu mpaka hapa nikisubiri mtu mmoja aulize. Hakuna. Basi nauliza mimi.

Wajomba watatu wamekutana Mombasa. Mama yako alikuwepo?

Mnaeleza daka na tekani kwa ufundi mkubwa na mmeliruka lililo wazi. Nyumba ya mawe ya Lamu ni ya mwanamke. Baba akizaliwa binti, anaanza kufikiri atamjengea wapi: ghorofa juu ya nyumba ya mama, au ng'ambo ya kichochoro halafu waunganishe kwa wikio, daraja la juu ya njia, ili mama na binti watembeleane juu bila kukanyaga njia. Binti akiolewa, mume ndiye anayehamia. Kijana wa kiume anaondoka na sanduku lake kwenda kwa mkewe. Zile nakshi za ndani mnazozisifu ziliwekwa kwa ajili ya siku ya kutolewa bibi harusi, akae mbele yake watu wamtazame. Nyumba kati ni chumba cha mzazi. Eda ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi, mwanamke aliikaa ndani. Toa wanawake humo, kinachobaki ni daka na kahawa baridi.

Sasa wanaume watatu walioondoka na masanduku yao wanakutana mji mwingine kuamua nyumba iuzwe au iwekewe kamba. Wanawake wa nyumba ile wako wangapi, na wako wapi?

#18 Nauliza_Tu

Duh. Hapa mtu amefungwa goli.

#19 Kijukuu_Mkomani

@Bi_Mwenye_Nyumba sina pa kujificha. Binti za nyanya ni wawili, mama na mama mkubwa. Hakuna aliyeitwa kikaoni. Na kuna jambo sikulisema kwenye #1 kwa sababu, wallahi, halikunijia kuwa lina uzito: mama mkubwa anaishi mle. Hajawahi kutoka. Amehamia vyumba vya juu tangu dari iliposhuka, anapika, anapanga zidaka zake. Mimi mwenyewe nimeandika "nyanya alituachia nyumba" kana kwamba iko tupu.

#20 Faraidhi_Kwanza

Ndugu, kabla hamjafika mbali. Nyanya amefariki, hakuacha hiba, yaani zawadi, ya maandishi wala wakfu, sivyo? Basi nyumba ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Kama hakuacha mume wala mzazi aliye hai, wana watatu wa kiume na wawili wa kike, nyumba inagawanywa mafungu manane: kila mwana wa kiume mawili, kila wa kike moja. Dada wawili wana fungu lao, na hakuna mjomba anayeweza kuuza fungu la dada yake, awe mkubwa kiasi gani. Mgeni anayenunua hivyo ananunua kesi ya kwa kadhi.

Ile desturi ya nyumba kuwa ya binti, wazee waliipitisha kwa njia zake: baba alimpa binti hiba akiwa hai, au akaiweka wakfu kwa kizazi chake. Ukishaiweka wakfu haiuziki, hairithiwi, hairudi. Warithi wote wakikubaliana kwa hiari hata leo mnaweza. Wote, nasema. Na gharama yake ni kwamba mjukuu wa mjukuu wako hataweza kuuza hata siku akiwa na shida ya kweli. Fikirini vizuri kabla ya kujionyesha wacha Mungu kwa mali ya watakaozaliwa.

Pia kumbukeni mji mkongwe wa Lamu ni hifadhi kisheria. Hata kama ni yenu, kubomoa au kubadilisha kunataka ruhusa. Mgeni mwambieni mapema.

#21 Chumvi_ya_Mawe

Ukurasa wa pili huu, picha bado.

#22 Kijukuu_Mkomani (MREJESHO)

Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki tatu.

Nilikwenda kwa mama mkubwa. Sikumwambia habari za uzi, nilimwambia nimekuja kunywa chai. Nikamuuliza kama anajua wajomba wanazungumza nini. Akasema anajua tangu siku ya kwanza, mke wa mjomba wa pili humpigia simu kila Alhamisi. Akawa anasubiri aone ni nani atakayepanda ngazi kumuuliza.

Kuuza hataki. Nyumba ya wageni hataki, hataki watu wasiojulikana wapite kwenye ngazi na taulo. Makumbusho nilidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza, "Mimi nitakaa wapi, upande gani wa kamba?"

Tukazungumza mpaka magharibi. Alilolikubali ni hili. Daka, tekani, kiwanda na misana miwili itafunguliwa Jumamosi asubuhi tu, na kwanza kwa wanafunzi wa hapa, maana anasema watoto wa Lamu siku hizi wanakulia vyumba vya matofali na hawajui msana ni nini. Chumba cha chini kitafunguliwa na kitaitwa kwa jina la mwenyewe. Hilo mama mkubwa hakusita hata kidogo. Anakumbuka nyimbo zake za kubembelezea na atawaimbia watakaotaka. Vyumba vya juu ni vyake. Na Jumamosi jiko litakuwa linawaka, anayekuja atakuta mkate wa mofa, akitaka atanunua.

Wajomba: mwalimu amekubali na furaha juu. Wa pili amekubali akasema atalipia boriti. Sijamuuliza kwa nini, labda ni ile saruji. Mkubwa bado amenuna. Nimemweleza hesabu ya mafungu manane ya @Faraidhi_Kwanza, akaniambia kumbe nimeanza kusoma. Kadhi atatupa tarehe, wakfu tumeuacha kwanza.

@Fundi_Chokaa, boriti za chumba kimoja tuagize ngapi?

#23 Fundi_Chokaa

Siwezi kukuhesabia kwa simu. Nakuja Jumatatu na kamba ya kupimia. Mwambie mama mkubwa asiruhusu mtu kugusa ile saruji ya paani kabla sijafika. Ikitolewa kwa nyundo kubwa itaondoka na dari.

#24 Mtu_wa_Langoni

Jumamosi ya kwanza nitakuja na mamangu. Msituwekee mlango wa nyuma.

#25 Kijukuu_Mkomani

Mtaingilia dakani, kaka. Kahawa juu yangu.

#26 Chumvi_ya_Mawe

Haya, kila mtu amepata chake. Picha?

#27 Kijukuu_Mkomani

Nimeruhusiwa kupiga daka na mlango, nitaziweka jioni. Ndani mama mkubwa amekataa.